Barua kwa mwanangu: Simeoni na Lawi walipewa neno moja

Mwanangu Neema,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili na maswali yako nimeyaandika pembeni nisije nikaruka moja. Kundi lenu la kujifunza Biblia limefika Mwanzo 49, umepangiwa kuongoza, na umekwama. Umeuliza: sura inaitwa mbaraka wa Yakobo, mbona wana watatu wa kwanza wanakemewa tu, mbaraka uko wapi? Je, aliyoyasema mzee yalitimia? Tena kuna ndugu kwenu anayeshikilia kwamba makabila yetu ya Afrika yamo humo, ni kutafuta tu. Na chini kabisa ya ukurasa, kama mtu anayenong'ona, umeuliza kama neno la mzazi humfunga mtoto.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tuna radhi na tuna wosia, na hatuvichanganyi. Radhi mzazi huitoa kwa mtoto aliyemridhisha. Wosia huachwa kwa wote, na ndani yake huwamo mali, maonyo, lawama, hata siri. Mwanzo 49 ni wosia zaidi kuliko radhi. Mstari wa 1 Yakobo anawaita awaambie yatakayowapata "siku za mwisho". Waambie wenzako wasikimbilie Ufunuo hapo. Maneno hayohayo ya Kiebrania Balaamu anayatumia katika Hesabu 24:14 kuhusu Israeli na Moabu, na maana yake ya kawaida ni siku zijazo, mbele huko. Kisha mstari wa 28 unafunga kwa kusema kwamba hao ndio makabila kumi na mawili, na kila mmoja alibarikiwa kwa kadiri ya mbaraka wake. Kwa hiyo kitandani wamesimama watu kumi na wawili, lakini anayeambiwa ni ukoo ambao haujazaliwa. Usipolishika hilo, utababaika ukifika kwa Dani, maana mzee anasema Dani atawaamua watu wake, na Dani mwenyewe hakuwahi kuamua kesi yoyote tunayoisoma.

Hesabu mistari, inasaidia. Maneno ya mzee ni mstari wa 3 hadi wa 27, yaani mistari 25. Yuda ana mitano, Yusufu mitano. Watu wawili wamechukua mistari 10, waliobaki kumi wanagawana 15, na mmoja kati ya hiyo (wa 18) si wa mtu, ni sala ya mzee mwenyewe katikati ya maneno, kama amevuta pumzi. Utaratibu nao si wa kuzaliwa. Wanatangulia wana sita wa Lea, na Zabuloni amewekwa mbele ya Isakari ingawa ni mdogo wake. Kisha wanne wa wajakazi, Bilha na Zilpa. Mwisho wawili wa Raheli.

Na neno "mbaraka" liko wapi? Katika Kiebrania mzizi wake umo kwenye fungu la mwana mmoja tu, Yusufu, mistari ya 25 na 26, na hapo umerudiwa mara sita: mbaraka wa mbinguni juu, wa vilindi chini, wa maziwa na wa tumbo, wa baba. Wengine kumi na mmoja hawatajiwi neno hilo mpaka mstari wa 28. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, na halijalainishwa. Mzee alikuwa na mpendwa wake toka mwanzo na hakuficha hata saa ya kufa.

Reubeni. Mzaliwa wa kwanza kwa desturi yao alipata mafungu mawili ya urithi (Kumbukumbu la Torati 21:17). Reubeni aliyapoteza kwa tendo la Mwanzo 35:22, kulala na Bilha, suria wa baba yake. Pale kwenye sura ya 35 imeandikwa tu kwamba Israeli, yaani Yakobo mwenyewe, alisikia. Hakusema kitu. Alinyamaza miaka mingi, akalisema kitandani. Nakuomba usipite haraka hapa, maana wengi hudhani unabii ni kuona mbele tu, na humu karibu kila neno la mbele limeanzia nyuma. Haki ya uzaliwa wa kwanza iligawanywa: 1 Mambo ya Nyakati 5:1-2 inasema uzaliwa ulikwenda kwa wana wa Yusufu, na mtawala akatoka kwa Yuda. Wafasiri wa Kiyahudi wa zamani wanaongeza fungu la tatu, ukuhani, kwa Lawi. Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo, au la kuhuzunisha: sheria ya Kumbukumbu 21:15-17 inamkataza mume mwenye wake wawili kumpa mwana wa mke apendwaye fungu la mzaliwa wa kwanza. Yakobo amefanya karibu kitu hichohicho, ila yeye alikuwa na kosa la Reubeni la kushikilia.

Kabila la Reubeni lilikaa mashariki ya Bahari ya Chumvi, jirani na Moabu. Wimbo wa Debora, Waamuzi 5, unawacheka kwamba walibaki mazizini wakisikiliza filimbi za wachungaji huku wenzao wakienda vitani. Musa anawaombea wasife (Kumbukumbu 33:6), na hiyo si sala unayomwombea mtu mwenye afya. Hatusomi mfalme wala mwamuzi aliyetoka kwao. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 K.K., lililopatikana Dhiban nchini Yordani mwaka 1868 na sasa liko Louvre, Paris, linasema watu wa Gadi walikaa nchi ya Atarothi tangu zamani. Reubeni halimtaji kabisa, ingawa linazungumzia miji ya eneo lake.

Sasa fika kwa Simeoni na Lawi, na hapa kaa. Kama muda wenu ni saa moja na nusu, wape hawa wawili nusu saa nzima.

Kosa lao liko Mwanzo 34. Dada yao Dina alitendewa ubaya na Shekemu mwana wa Hamori; wenyeji wakakubali kutahiriwa; siku ya tatu, wakiwa bado na maumivu, ndugu hawa wawili wakaingia mjini na panga wakaua kila mwanamume. Sasa soma 49:7 polepole. Mzee analaani nini? Analaani hasira yao na ghadhabu yao. Wana wenyewe hawalaani. Kisha hukumu: atawagawa katika Yakobo, atawatawanya katika Israeli. Ni sentensi moja kwa watu wawili, bila tofauti hata ya herufi.

Fuatilia sasa ilivyowaangukia. Simeoni kwanza. Sensa ya Hesabu 1 inawapa wanaume 59,300 wa miaka ishirini na zaidi, kabila la tatu kwa ukubwa baada ya Yuda na Dani. Sensa ya Hesabu 26, mwisho wa safari ya jangwani, inawapa 22,200, wadogo kuliko wote. Wamepungua 37,100 wakati jumla ya taifa imeshuka kidogo tu, kutoka 603,550 hadi 601,730. Sura inayotangulia sensa hiyo ya pili inaeleza tauni iliyoua 24,000 kwa ajili ya kumwabudu Baal-peori, mungu wa Wamoabu, na mkosaji aliyetajwa kwa jina ni Zimri, mkuu wa nyumba moja ya Wasimeoni. Biblia haisemi kwamba waliokufa ni Wasimeoni, kwa hiyo usiseme. Waonyeshe tu kwamba hesabu mbili zimekaa jirani. Walipofika Kanaani hawakupata jimbo lao. Yoshua 19:1-9 inawapa miji ndani ya eneo la Yuda, Beer-sheba na Siklagi ikiwamo, kwa sababu eneo la Yuda lilikuwa kubwa mno. Musa anapobariki makabila katika Kumbukumbu 33 Simeoni hatajwi. Baadaye wengine wanahama kutafuta malisho Gedori, na watu mia tano wanakwenda mlima Seiri (1 Mambo ya Nyakati 4). Wametawanyika kama chumvi kwenye maji.

Lawi naye ametawanyika, tena zaidi. Hakupata jimbo hata moja. Alipewa miji 48 kati ya ndugu zake wote (Hesabu 35, Yoshua 21): makuhani wana wa Haruni 13, Wakohathi wengine 10, Wagershoni 13, Wamerari 12. Kila mji na malisho yake, dhiraa elfu mbili kila upande, karibu mita 900. Sita kati ya hiyo ni miji ya makimbilio: Kedeshi, Shekemu, Hebroni upande wa magharibi, Beseri, Ramothi na Golani ng'ambo ya Yordani. Umeona Shekemu humo? Mji ambao Lawi aliuchinja umepewa Walawi uwe mahali pa kumkinga mtu aliyeua bila kukusudia asiuawe na mlipiza kisasi. Sijui mwalimu gani angeweza kutunga zoezi zuri kuliko hilo.

Kilichobadilisha mambo ni nini? Jibu la kawaida ni Kutoka 32: baada ya ndama wa dhahabu, Musa aliuliza aliye upande wa Bwana, Walawi wakaja, na siku ile wakaanguka watu kama elfu tatu. Angalia kwamba upanga ni uleule. Wenzako watakaosema Lawi aliacha ukali wake, warudishe kwenye maandishi, haukwisha. Na ndugu hawa wawili wanakutana tena katika Hesabu 25: anayemuua Zimri Msimeoni kwa mkuki ni Finehasi, mjukuu wa Haruni, Mlawi. Waliokwenda pamoja Shekemu wakiwa bega kwa bega, uzao wao unakutana pale mmoja akiwa na mkuki mkononi na mwingine akiwa amechomwa.

Ndiyo maana nasema, kuhusu swali lako la kunong'ona, sura hii haimwonyeshi baba kama mtu anayefunga kufuli. Neno moja limewapata wawili, likawa kumezwa kwa mmoja na utumishi kwa mwingine. Hata Isaka, aliposema kwa kutetemeka kwamba aliyebarikiwa atabarikiwa kweli (27:33), bado alimwachia Esau mlango mdogo: atamtumikia nduguye, lakini siku moja ataivunja nira yake shingoni. Edomu, uzao wa Esau, waliasi utawala wa Yuda siku za mfalme Yehoramu, 2 Wafalme 8. Neno la mzee lina uzito, hilo silipunguzi hata kidogo. Wana hawa walibeba jina la hasira yao vizazi vingi. Lakini aliyesema kwamba likishatoka kinywani halina njia ila moja hajaifuata habari ya Lawi.

Yuda nitakuwa mfupi kuliko wahubiri walivyo. Wakumbushe kwamba Yuda aliyeitwa mwana-simba ndiye aliyeshauri Yusufu auzwe (37:26), ndiye wa aibu ya Tamari sura ya 38, na ndiye aliyesimama mbele ya Yusufu akajitoa awe mtumwa badala ya Benyamini (44:33). Mzee alikuwa na haya yote mbele yake. Kuhusu punda wa Yuda aliyefungwa kwenye mzabibu (mstari wa 11): mtu mwenye akili hafungi punda kwenye mzabibu, atautafuna. Anayefunga ni yule mwenye mizabibu mingi kiasi kwamba ukiliwa mmoja haumi moyo, na divai ni nyingi kama maji ya kufulia. Vilima vya Hebroni ni nchi ya zabibu hadi leo, na kishada cha Eshkoli kilichobebwa na watu wawili kwa mti (Hesabu 13:23) kilitoka huko.

Fimbo ya enzi ndiyo yenye ubishi: mstari wa 10 unasema haitaondoka kwa Yuda mpaka kije kitu au mtu fulani. Kiebrania kina neno moja gumu, "shiloh", na kuna njia kadhaa za kulisoma. Ni jina la mtu. Au, kwa kubadilisha irabu, "yule ambaye ni yake", na ndiyo njia iliyofuatwa na Biblia yetu ya Union inapoandika "Yeye, mwenye milki", ikilandana na Ezekieli 21:27. Au "atakapoletewa kodi". Au ni mji wa Shilo. Huo wa mji mimi siuafiki: Shilo uko Efraimu, na ulikwisha kupoteza sanduku la agano kabla Yuda hajapata mfalme. Kumwelekeza Masihi si jambo la Wakristo peke yao. Targumi ya Onkelosi, tafsiri ya kale ya Kiyahudi ya Torati kwa Kiaramu, inamtaja Masihi hapo wazi, na hati moja ya Qumrani, kwenye mapango ya Bahari ya Chumvi, inasema Masihi wa haki, chipukizi la Daudi. Wasomaji wako watakuuliza: mbona mfalme wa kwanza, Sauli, ni Mbenyamini, na mbona baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 586 K.K. hakuna mfalme wa Yuda aliyekaa kitini? Usikwepe. Daudi alianza kutawala Hebroni karibu mwaka 1000 K.K., na nasaba yake ilidumu Yerusalemu zaidi ya miaka mia nne, muda mrefu kwa ufalme mdogo vile. Baada ya hapo Wayahudi husema haki ya fimbo ilibaki ingawa kiti kilikuwa kitupu, na Wakristo husema ilimngoja Yesu, Simba wa kabila la Yuda wa Ufunuo 5:5. Wafalme wa Uhabeshi nao walijiita Simba wa Yuda hadi Haile Selassie alipopinduliwa mwaka 1974.

Zabuloni ndipo penye shimo, na ni afadhali ulionyeshe wewe kabla hawajakuonyesha. Yakobo anasema atakaa pwani, ubavu wake ukielekea Sidoni. Fungua ramani ya Yoshua 19:10-16: Zabuloni hana pwani. Asheri amekaa kati yake na bahari. Wengine husema neno la Kiebrania ni "kuelekea pwani". Wengine hutaja Kumbukumbu 33:19, kwamba alinyonya wingi wa bahari kwa biashara. Na Yosefo, mwandishi wa karne ya kwanza, anadai mpaka wao ulifika Karmeli na bahari. La biashara naliona jepesi kumeza, kwa sababu barabara za kushuka bandari ya Ako zilipita maeneo yale. Lakini mstari haukuandikwa biashara, umeandikwa kukaa. Mwache mwanafunzi aone kwamba umeona.

Isakari ni punda mwenye mifupa imara aliyelala katikati ya mizigo, akaona nchi ni nzuri, akainamisha bega akawa mtumwa wa kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa. Nchi yenyewe ni bonde la Yezreeli, udongo mweusi, ngano. Mabonde mazuri yalikuwa ya Wakanaani wenye magari ya chuma, na anayetaka kulima huko alilipa kwa jasho. Katika barua za Amarna zilizofukuliwa Misri mwaka 1887 kuna moja ya Biridiya, mtawala wa Megido wa karne ya 14 K.K., akimwambia Farao kwamba yeye ndiye analima Shunemu na ndiye analeta watu wa shokoa. Shunemu iko katika orodha ya miji ya Isakari, Yoshua 19:18. Sisemi hao ndio Waisakari. Nasema ardhi ileile ilikuwa na desturi ileile.

Dani: jina lina maana ya hukumu, mzizi uleule wa Kisemiti unaosikika kwa jirani zetu Waislamu wakisoma "maliki yaumi-ddini", Mwenye siku ya malipo. Kisha mzee anamgeuza nyoka, bafe wa njiani anayeuma kisigino cha farasi, na mpanda farasi anaanguka chali. Ni picha ya mdogo anayemwangusha mkubwa kwa kuvizia. Samsoni, mwamuzi wa miaka ishirini, alikuwa Mdani. Kabila lenyewe lilisukumwa na Waamori likapanda vilimani, halafu watu 600 wenye silaha wakaenda kaskazini hadi Laishi, mji uliotulia bila kumshuku mtu, wakauchoma na kuuita Dani (Waamuzi 18). Kilima cha mji huo kipo chini ya Hermoni. Avraham Biran alianza kukifukua mwaka 1966, na mwaka 1993 likaonekana jiwe lenye maneno "nyumba ya Daudi".

Gadi ni mchezo wa maneno ambao Kiswahili hakiwezi kuuokoa: vikosi vitamvamia, naye atavamia visigino vyao, na kwa Kiebrania maneno mengi ya mstari huo yana sauti ya g-d ndani yake. Asheri ni mafuta na vyakula vya kifalme, maana zeituni za Galilaya ziko kwake. Naftali ayala aliyefunguliwa. Baraka, jemadari wa Debora, alitoka Kedeshi ya Naftali.

Yusufu nimeshamgusa. Ila ongeza sura ya 48, maana hapo ndipo fungu lake mara mbili lilipotolewa: Efraimu na Manase wanafanywa wana wa Yakobo mwenyewe. Na hapo kuna mtego wa hesabu. Mzee anasema mdogo, Efraimu, atakuwa mkubwa. Sensa ya kwanza Efraimu ni 40,500 na Manase 32,200. Vizuri. Sensa ya pili Efraimu 32,500 na Manase 52,700. Mwalimu aliyesimamisha unabii juu ya idadi ya vichwa anaanguka hapa. Ukubwa wa Efraimu unaonekana kwingine: Yoshua alikuwa Mwefraimu, hema ya kukutania iliwekwa Shilo kwao, Yeroboamu aliyeanzisha ufalme wa kaskazini alitoka kwao, na nabii Hosea anauita ufalme wote wa kaskazini "Efraimu".

Benyamini maana yake mwana wa mkono wa kuume. Sikia "yamini" ya Kiswahili, kiapo cha mkono wa kulia, ni neno moja. Na kabila hili la mkono wa kuume ndilo maarufu kwa watu wa shoto: Ehudi aliyemchoma mfalme Egloni, na wale 700 waliotupa jiwe kwa kombeo bila kukosa unywele (Waamuzi 20:16). Mbwa-mwitu agawaye nyara jioni. Katika vita vya Gibea mbwa-mwitu huyo aliwindwa na ndugu zake mpaka wakabaki wanaume 600.

Watakuuliza pia mbona orodha hazilingani. Majina ni 13 na idadi ni 12 daima. Ukimhesabu Lawi, Yusufu ni mmoja. Ukimtoa Lawi kwa kuwa hana ardhi, Yusufu anakuwa wawili. Ufunuo 7 una orodha yake ya peke yake: Lawi yumo, Yusufu na Manase wamo, Dani na Efraimu hawamo. Wengine wamejenga hapo kwamba Mpinga Kristo atatoka Dani. Ezekieli 48:1 inampa Dani fungu la kwanza kabisa la nchi mpya, kwa hiyo usiingie kwenye mtumbwi huo.

Wataalamu wengi huliona shairi hili kama mkusanyo wa semi za kale za makabila, zilizokusanywa na kuwekwa kinywani mwa Yakobo siku za Waamuzi au mwanzo wa ufalme. Wenye kuamini kwamba ni maneno ya Yakobo mwenyewe hawana haja ya kuogopa hoja hiyo. Wote wawili wanasoma ramani ileile. Usiifiche, kuna kijana atakuwa ameisoma tayari kwenye simu.

Sasa ndugu yenu wa makabila ya Afrika. Mpe heshima yake, kisha mpe tarehe. Samaria ilianguka mwaka 722 K.K. Sargoni wa Ashuru aliandika kwamba alihamisha watu 27,290, na 2 Wafalme 17:6 inataja walikopelekwa: Hala, Habori, mto wa Gozani, miji ya Wamedi. Hiyo ni kaskazini na mashariki. Wala hawakuondoka wote: Hezekia alipoitisha Pasaka, watu wa Asheri, Manase na Zabuloni walikuja Yerusalemu (2 Mambo ya Nyakati 30:11), na Ana nabii wa Luka 2:36 anajulikana kuwa wa Asheri. Kwetu dai hili lina historia. Afisa wa Kijerumani Moritz Merker alichapisha kitabu mwaka 1904 akisema Wamasai ni watu wa asili ya Kisemiti, ndugu wa Waisraeli wa kale, kwa sababu ya mfanano wa visa na desturi. Lugha inamkana: Kimaa ni cha jamii ya Kinailoti. Pale ambapo dai limekubaliwa rasmi ni kwa Wayahudi wa Ethiopia, ambao mwaka 1973 Rabi Ovadia Yosef aliamua kwamba ni wa kabila la Dani, na huo ulikuwa uamuzi wa sheria ya dini. Mwulize ndugu yako swali moja: akikuta kabila lake humo, ni mstari upi atauchukua? Kila anayejitafuta anajikuta Yuda au Yusufu. Sijasikia anayejikuta Isakari.

Mwisho, namna ya kuanza. Usianze na 49. Anza na 48:8-20, na uwafanye waigize, dakika tano tu. Mmoja akae kwenye kiti, macho yamefumbwa, ndiye Yakobo wa miaka 147. Yusufu asimame mbele yake wakitazamana. Hapa ndipo wengi hukosea: hupanga kwa mkono wa Yusufu, wakashangaa kwamba hakuna kilichopishana. Efraimu awe kuume kwa Yusufu, ndio kushoto kwa mzee. Manase awe kushoto kwa Yusufu, kuume kwa mzee. Yusufu ameshapanga vizuri, mkubwa apate mkono wa kulia. Kisha mzee apishanishe mikono, Yusufu aukamate ule wa kulia autoe kichwani kwa mdogo, na mzee aukatalie. Waache wakae hivyo kidogo, mikono imepishana, wakati wewe unafungua sura ya 49.

Mama yako anakusalimu. Ramani ya Yoshua 13 hadi 19 nimeichora kwa kalamu ya wino na kuikunja humu. Mpaka wa Zabuloni nimeuacha kwa nukta nukta.

Baba yako